Kiganja cha Watu Mia Nne

Mkwe wangu ana mizani jikoni. Si mizani ya kupimia gunia, hiyo ningeielewa. Ni kamizani kadogo, bapa, kanakaa mezani utadhani simu, na ukikawekea punje tatu za mchele kanakutajia uzito wake mpaka nukta. Yeye, mke wa mwanangu, ni mfamasia. Kutwa anahesabu vidonge, akirudi nyumbani anahesabu punje za pilipili manga. Siku ya kwanza nilipomwona anapima maji ya chai, nilimuuliza kama na mvuke nao tuukamate tuupime. Akacheka. Ana tabia hiyo mbaya ya kucheka ukimsema, inaniondolea raha yote.

Kwenye mlango wa friji pana jedwali lililobanwa kwa sumaku nne. Kijiko kimoja cha mezani ni vijiko vitatu vya chai. Yai zima huzama, yai bovu huelea. Ubao wa kukatia uwekee kitambaa kibichi chini usiteleze. Na kando ya friji, kwenye rafu yake peke yake, kasimama Mheshimiwa mwenyewe: kitabu cha kurasa mia mbili na kumi, jalada lake limevikwa plastiki asije akalowa, jina lake "Jiko Bila Majuto: Mwongozo wa Haraka wa Mpishi wa Nyumbani". Mimi ndiye niliyemwita Mheshimiwa, kwa sababu katika nyumba hii hakuna sufuria inayopanda jikoni kabla hajaulizwa. Kuhusu vitunguu anashauri uvilaze kwanza kwenye friji, eti usilie. Mimi nimekata vitunguu gunia zima kwa wiki, miaka thelathini na mmoja. Nililia mwaka wa kwanza, nikalia wa pili. Wa tatu macho yenyewe yaliona hakuna anayeyabembeleza, yakaacha.

Nilikuwa mpishi wa shule. Watoto mia nne, siku nyingine mia tatu na tisini, siku nyingine mia nne na ishirini, lakini sufuria ilikuwa ileile na mimi nilikuwa yuleyule. Waliniita Mama Sufuria. Wengine sasa wana vitambi na watoto wao, na bado wakiniona barabarani wanaita "Mama Sufuria!" mbele za watu, na mimi naitika. Mwiko wangu ulikuwa na urefu wa jembe. Chumvi ya maharage nilitia kwa kiganja, viganja kumi na vinane, tap, tap, tap, huku naongea na mtu na wala sihesabu, mkono unajua wenyewe. Kuonja sikuonja. Ile ilikuwa kazi ya mwalimu wa zamu: anakuja na kijiko chake, anaonja, anatia sahihi kwenye kitabu, ndipo watoto wanapakuliwa. Mpishi anayeonja chungu chake, tuliambizana, ni mpishi anayejishuku.

Jioni nilirudi nyumbani na hotpoti. Kilichobaki chini ya sufuria ndicho tulichokula sisi watatu, mimi, mwanangu na marehemu mume wangu. Mume wangu alifunua mfuniko, akala, akasema, "Imekolea." Kila jioni, "Imekolea." Hata siku ile mgeni alipoingia jikoni nikasahau chumvi kabisa, mwalimu wa zamu akataka kunifukuzisha, yule bwana nyumbani alikula akasema imekolea. Shule ikifungwa alikaanga mayai yeye, tukanunua mkate, mimi nikasema nimechoka. Na kweli nilikuwa nimechoka, sikumdanganya mtu.

Umeshaona nilipojificha? Hujaona. Basi ngoja nikwambie waziwazi, maana wakati ule sikumwambia mtu yeyote. Mimi, Mama Sufuria, sijui kupika chungu cha nyumbani. Sijawahi. Mwanangu wa kumzaa kakua kwa mapishi yangu, lakini chungu nilichompikia yeye kama yeye hakijapata kuwako. Alikuwa anakula sehemu moja ya mia nne.

Nilipostaafu, shule ilinipa zawadi: seti ya sufuria tatu za kung'aa na mifuniko yake. Kubwa kuliko zote huwezi kumwogeshea paka. Nikashukuru, nikapigiwa makofi, nikazifunga kwenye kitenge. Mume wangu alipofariki, mwanangu akaja kunichukua nikae kwake, na zile sufuria nikaja nazo vilevile zimefungwa.

Mwanangu ni mpima ardhi. Anaweza kukwambia mpaka wako umeingia kwa jirani sentimita ngapi, lakini mama yake hakuwahi kumpima. Tangu anamchumbia huyu binti alikuwa akimwimbia maharage ya mama, wali wa mama, ngoja ukutane na mkono wa mama. Na mimi nilipofika nikaacha aimbe. Miezi mitano nimekaa ndani ya nyumba ile bila kugusa mwiko. Mara magoti. Mara gesi, kwamba moto usio na moshi mimi nitajuaje umekasirika au umetulia. Na ili mtu asiniulize zaidi, nikashughulika na kumsema mkwe wangu. "Vijiko ni vya kunywea dawa," nilimwambia akipima chumvi. "Mpishi hupima kwa mkono." Akawa ananitazama kwa heshima, masikini. Ulimi huu!

Sasa, siku moja tunakula kabichi iliyopimwa kwa gramu, mkwe akasema, "Jumapili ijayo baba na shangazi wanakuja. Mara ya kwanza tangu harusi."

"Mama atapika," mwanangu akadakia, hata kijiko hakukitua.

Nilimtazama mtoto yule niliyembeba miezi tisa.

"Kweli, mama?" Mkwe aliweka mikono yote miwili kifuani. "Mimi nitakaa pembeni tu, sitakusumbua. Nataka nione unavyofanya. Mheshimiwa ananiambia vipimo, lakini hana mkono wa kunionyesha."

Unaelewa, huyu binti alifiwa na mama yake akiwa na miaka minne. Baba yake ni fundi cherehani, alimlea peke yake kwa mikate na vyakula vya kununua, na hakuna mtu aliyemsimamisha kando ya jiko akamwambia shika hiki, geuza hivi. Ndiyo maana ya Mheshimiwa, ndiyo maana ya mizani. Na kulikuwa na shangazi. Shangazi yake ana ile sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani. Siku ya harusi alininong'oneza mimi na ukumbi mzima, "Mnamchukua, haya, lakini msije mkamrudisha mkisema mnakufa njaa." Mkwe wangu alikuwa hajasahau. Alitaka shangazi aje, ale, ashibe, anyamaze.

Na mimi nilitaka nini? Nilitaka niendelee kuwa Mama Sufuria. Mtu akishaacha kazi, jina ndilo analobaki nalo. Nikilipoteza na hilo, mimi ni bibi mmoja tu anayekalia chumba cha wageni na kumaliza sukari ya watu.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hii naijua tangu sina meno. Nikasema, "Wewe leta vitu tu, mwanangu. Watu watano ni nini? Mimi nimelisha shule."

Jumatatu walipokwenda kazini, nikafungua zile sufuria za zawadi na kuanza mazoezi. Nilichukua kikokotoo cha mwanangu nikafanya hesabu kama msomi. Mia nne gawanya kwa tano, themanini. Basi kila kitu kigawanywe kwa themanini, kuna ugumu gani? Mchele ukakubali. Nyama ikakubali. Maji ndiyo yaliyonigeuka. Maji ya sufuria kubwa hayana haraka, yanakaa humo yanazunguka siku nzima. Yale ya sufuria ndogo yalikauka nikiwa bado natafuta mfuniko, wali ukabaki mgumu juu na umeungua chini. Chumvi, viganja kumi na vinane gawanya kwa themanini, ikatoka chini ya robo ya kiganja. Sasa robo ya kiganja iko wapi? Nilikunja vidole viwili, chumvi ikaja ileile. Nikakunja vitatu, ikaja ileile, tena kwa kiburi.

Chakula kile nikawamwagia kuku wa jirani. Wakala. Jumanne wakala kwa kuchagua. Jumatano walikuja, wakaangalia, wakaangaliana, wakaondoka. Kuku, ndugu yangu. Kiumbe anayemeza vipande vya chupa.

Alhamisi nikafunga mlango kwa ufunguo, nikavaa miwani ya marehemu mume wangu, nikamteremsha Mheshimiwa kwenye rafu yake. Nilijiambia natafuta makosa yake tu. Ukurasa wa sitini na tatu ulikuwa na kichwa: "Kupunguza mapishi ya watu wengi". Nikakaa kitako. Usigawanye maji kwa hesabu moja na mchele, akasema Mheshimiwa, sufuria ndogo hupoteza maji haraka. Chumvi usikadirie kwa mkono uliozoea chungu kikubwa. Anza na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, onja, kisha ongeza. Niliisoma mara tatu. Kitabu hakina hata unywele mmoja wa mvi, na kilikuwa kinanitaja mimi, kilibakisha jina tu.

Nikapika alivyosema. Neno kwa neno, kijiko kwa kijiko, kisu nikakipitisha juu ya kijiko kusawazisha, nikaonja, nikaongeza. Kikawa chakula. Nilikaa kwenye kile kijistuli cha jikoni nikala sahani nzima peke yangu saa tano asubuhi, nikalia, na siku hiyo kitunguu nilikuwa nimekilaza kwenye friji.

Basi nikajua nimepona. Nilimfuta Mheshimiwa, maana nilikuwa nimemwekea dole gumba la nyanya palepale kwenye ukurasa wa sitini na tatu. Nyanya haikutoka yote. Nikamrudisha alikokuwa, mgongo wake umeelekea nje kama alivyopenda. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: Jumapili nitaficha kijiko cha chai kwenye mfuko wa aproni, mkwe akigeuka tu, nakitoa, napima, nakirudisha. Nani atajua?

Jumapili ikafika. Mkwe hakugeuka.

Alikuja na kijistuli, akakiweka hatua mbili kutoka jiko lilipo, akakaa, akafungua daftari jipya. Jipya kabisa! Juu ya ukurasa wa kwanza alishaandika kwa wino mwekundu, "Mkono wa mama". Akanikodolea macho. Nikimtuma chumvi, ipo mezani. Nikimtuma maji, kayajaza tangu asubuhi. Nikamwambia nenda kamtazame mumeo kama kafagia sebule, akaita kutoka palepale, "Umefagia?" Akajibiwa, "Nimefagia!" Miezi mitano namwambia kaa uone watu wanavyopika. Kakaa.

Nikakaanga vitunguu, hiyo haina shida. Nyanya, nyama, yote sawa, mchuzi ukaanza kunukia, na mimi mwenyewe nikaanza kupata matumaini. Wali nikautia maji ya ukurasa wa sitini na tatu kwa jicho. Kijiko kiko mfukoni, kinagongana na funguo, nakisikia. Kukitoa ni kazi ya sekunde moja. Nitoe kijiko mbele ya binti niliyemwambia vijiko ni vya kunywea dawa? Ng'o. Nikajiambia, mkono wangu una akili, tangu Alhamisi umeshajifunza.

Nikachota chumvi. Kiganja kikatoka kimejaa, tap, ndani ya mchuzi. Na kabla sijavuta pumzi, kiganja cha pili kikamfuata mwenzake, tap, kwa mwendo uleule wa miaka thelathini na mmoja. Cha tatu nilikikamatia hewani kwa mkono wa kushoto.

Kalamu ya mkwe ilisimama. "Mama," akasema polepole, "vyote viwili?"

"Vyote."

"Kwa watu watano?"

"Wewe andika."

Akaandika. Halafu, kwa ile sauti yake ya dukani ya kumwambia mgonjwa asitishike, "Mwongozo unasema ikizidi, mtu anaweza kuongeza maji na viazi, halafu—"

"Viazi vyako mpelekee Mheshimiwa akale," nikamwambia. "Na hapa hakionjwi. Mpishi anayeonja anajishuku."

Akafunga daftari. Kama kuna neno ninalotamani nilimeze mpaka leo, ni hilo.

Wageni wakapiga hodi saa saba. Fundi ni mzee mwembamba, mpole, bado ana uzi umemshika kwenye kola, na shangazi alitangulia kuingia kama mkaguzi. Tukasalimiana, tukaulizana afya za watu wote walio hai. Mezani mwanangu akapakua mwenyewe kwa mbwembwe, anasimulia jinsi watoto wa shule walivyokuwa wakipanga foleni mara mbili kwa ajili ya maharage ya mama yake. Nikaangalia mchuzi unavyomwagika juu ya wali wa fundi. Nilitamani umeme ukatike, bomba lipasuke, jirani ashikwe na uchungu wa kuzaa. Hakuna aliyenisaidia.

Wakala. Namaanisha walitia mdomoni. Mwanangu alimeza, macho yakamtoka, akanyoosha mkono kwenye jagi la maji. Fundi alitafuna, akatafuna, akatafuna, kijiko chake akakilaza pembeni taratibu ili kisilie. Shangazi hakumeza hata. Alitoa leso, akafuta kinywa kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kufutwa, akauliza, "Nani kapika hiki?"

"Mimi, shangazi," akasema mkwe wangu.

Alisema haraka, kama mtu anayewahi kuzuia mlango usijipigize. Mwanangu akageuka kumtazama mkewe, kisha mimi. Mimi nilikuwa naangalia kitambaa cha meza. Kina maua ya bluu, sitayasahau.

"Nilijua," shangazi akasema. "Loo, nilijua tangu nje ya mlango. Una mama mkwe kalisha shule nzima, yumo humohumo ndani, na wewe unatuwekea hiki! Lakini nikulaumu nini? Asiyefunzwa na mamaye…"

Akaiachia hapo. Kuna watu wanajua mahali pa kuiacha methali ili ikukate vizuri. Sote mezani tuliimaliza kimoyomoyo, na fundi ndiye iliyemwingia zaidi, maana mama na ulimwengu wote wa mtoto yule alikuwa yeye. Akainamisha kichwa.

Ningependa kukwambia kwamba niliruka nikasema ukweli hapohapo. Sikuruka. Nilikaa na aibu yangu imebebwa na mtu mwingine, na nitakwambia bila kuficha, ilikuwa nyepesi. Nilianza hata kutafuta sura ya kuvaa, ile ya mama mkwe anayesikitika lakini anasamehe. Nilikuwa nimeshaipata nusu yake, mkwe akanigeukia, machozi yamesimama yanasubiri ruhusa, akasema, "Nisamehe, mama. Nimekuaibisha mbele ya wageni."

Mimi ndiye niombwe msamaha!

"Nimepika mimi," nikasema.

Shangazi akanitabasamia. "Mama, huruma zako zitamharibu huyu."

"Si huruma. Nimepika mimi. Chumvi nimetia mimi, viganja viwili."

"Mwone anavyomfichia mwenzake," akamwambia fundi. "Mama mkwe wa namna hii anapatikana wapi siku hizi? Na mtu hamthamini."

"Mama, usijisumbue," akasema mwanangu, na yeye kaamini. Mwanangu wa kuzaa! Angalia nilivyojitengenezea: miezi mitano, miaka thelathini na mmoja, nimejisifu mpaka ukweli wangu ukawa hauna wa kuununua. Nguruwe hujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimejiongezea chumvi.

Nikainuka. Nikaenda jikoni, nikarudi na kopo la chumvi, nikalitua katikati ya meza, juu ya maua ya bluu. "Shangazi," nikamwambia, "niambie nichote kidogo."

"Kwa nini?"

"Niambie tu!"

"Haya. Chota kidogo."

Nikatia mkono, ukatoka umejaa. Nikamwonyesha. Nikaurudisha. "Niambie tena." Akaniambia tena, sauti imepungua. Ukatoka umejaa. "Niambie kidogo sana." Akasema kidogo sana, na mimi nikakunja vidole mpaka vikauma, na mkono ukatoka umejaa, chumvi inadondoka kwenye wali. Sikuigiza. Laiti ningekuwa naigiza.

"Huu ni mkono wa watu mia nne," nikawaambia. "Haujui watano. Kabla ya wiki hii sijawahi kupika sufuria ndogo maishani mwangu. Huyu," nikamwonyesha mwanangu kwa kidevu, maana mkono ulikuwa na shughuli, "huyu alikua kwa makombo ya shule, na mimi nikaacha aseme ni chakula cha mama yake. Na huyu binti alijua chumvi imezidi, akanishauri, nikamtukana. Kitabu chake nacho kilinieleza, nikaficha kwamba nimekisoma. Kwa hiyo, shangazi, methali yako imalizie kwangu. Asiyefunzwa hapa ni mimi."

Shangazi akasogeza sahani yake mbali na kopo la chumvi.

Aliyesema kwanza ni fundi. Alikuwa anautazama mkono wangu, si kwa kunihurumia, kwa namna fundi anavyotazama kifaa cha fundi mwenzake. "Mimi nilishona sare za walinzi miaka ishirini," akasema. "Sare tu. Mke wangu alipofariki, nikamshonea huyu gauni lake la kwanza la sikukuu. Nilikesha nalo. Asubuhi namvalisha, lina mabega, lina mifuko minne, na hapa kifuani lina mahali pa kubandika namba."

"Nililipenda," mkwe akasema.

"Ulikuwa unaonekana unalinda benki."

Akaanza kucheka mwanangu, akafuata mkwe huku anafuta macho, na shangazi, asikwambie mtu, alicheka ndani ya leso akidhani hatumwoni. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama na kiganja changu cha chumvi, sijui nikipeleke wapi. Mkwe akaja. Akanishika kifundo cha mkono, akatia mkono wake mwingine kwenye mfuko wa aproni yangu bila hata kupapasa, akatoa kile kijiko cha chai.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ukurasa wa sitini na tatu una dole la nyanya, mama. Tangu Alhamisi. Na leo kijiko kinalia mfukoni." Akanikunjua vidole kimoja kimoja. "Nilikaa pale nakusubiri ukitoe."

"Na ulivyonikodolea macho yale, ningekitoaje?"

"Ungesema, 'Geuka.' Ningegeuka."

Akakijaza kijiko kutoka kwenye kiganja changu, akapitisha kisu juu yake, kikawa sawa. Iliyobaki akairudisha kwenye kopo. Ilibaki nyingi, ya kutia aibu.

Mchuzi ule haukuokoka. Tulimtafutia Mheshimiwa viazi, tukaongeza maji, lakini ungehitaji shamba zima na mvua zake. Kwa hiyo nikasimama mbele ya jiko, watu wote wamejazana mlangoni, nikapika chakula changu cha kwanza cha nyumbani kuliwa na watu wengine nikiwa na umri wa miaka sitini na moja: mayai matano ya kuchemsha. Mheshimiwa alifunguliwa mezani mbele ya mashahidi, ukurasa wa kumi na nne. Kwanza yazamishwe majini tuone kama kuna linaloelea. Dakika kumi, kisha maji ya baridi ili yasigande kwenye ganda. Mwanangu alishika saa. Shangazi alisema yeye huwa anaweka dakika tisa, tukamwambia aandike kitabu chake.

Tukala na mkate. Mwanangu alimenya lake, akalikata katikati, akalileta upande wangu wa meza kiganjani mwake, na kopo la chumvi kwa mkono mwingine. Mtu mzima, mpima ardhi, ana ndevu.

"Nitilie chumvi, mama," akasema.

Nilichukua kwa ncha za vidole viwili. Nilizitazama punje zilizokuja, nikazipunguza, nikamnyunyizia. Ilikuwa haitoshi, niliona mwenyewe. Akala lote, akanitazama usoni, akasema, "Imekolea." Uongo ule kaurithi kwa baba yake.